Mageuzi ya Mtaala na Haki ya Mzazi Kuelezwa

Katika vyuo vyetu vya ualimu mwanachuo hufundishwa kuandika azimio la kazi, kutayarisha andalio la somo, kutengeneza zana kwa vitu vinavyopatikana katika mazingira yake, na kutunga maswali ya kupima. Mambo haya yote ni ya lazima, wala hatuna nia ya kuyapunguza. Lakini liko jambo moja ambalo mwalimu mpya hukutana nalo katika majuma yake ya kwanza kazini, na ambalo sisi wakufunzi hatumfundishi hata kwa kipindi kimoja. Jambo hilo ni namna ya kusimama mbele ya wazazi na kuwaeleza kwa nini shule wanayosoma watoto wao si ile waliyoisoma wao.

Makusudi ya makala haya ni kueleza kwamba kazi hiyo ni sehemu ya ufundishaji, na kwamba mwalimu anayeiacha huwadhuru wanafunzi wake mwenyewe. Tutaanza kwa kukiri kosa letu.

Mwaka 2024 tulikuwa katika shule moja ya kijijini tukiwakagua wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Siku hiyo palikuwa na mkutano wa wazazi, na mwalimu mkuu alituheshimu kwa kutuomba tuseme machache juu ya mtaala ulioanza kutumika Januari ya mwaka huo. Tulisema kwa muda wa nusu saa. Tulitaja umahiri, tukataja upimaji endelevu, tukataja ujifunzaji unaomzingatia mwanafunzi. Wazazi walisikiliza kwa adabu, wakatupigia makofi, nasi tukaketi tukiwa tumeridhika.

Mkutano ulipokwisha mama mmoja alitufuata. Alikuwa ameshika madaftari mawili. "Samahani, Mwalimu," alisema, "huyu mkubwa wangu yuko darasa la nne, na huyu mdogo yuko la tatu. Nimesikia watu wakisema watamaliza shule mwaka mmoja. Ni kweli?" Tulimjibu kwamba ni kweli. "Basi mkubwa amerudishwa nyuma?" Tukamwambia hakurudishwa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na mwaka huo nitashona sare mbili za sekondari kwa mahindi haya haya?"

Hatukuwa na jibu la kumpa. Lililotuaibisha zaidi ni kwamba swali lenyewe halikuwa limetupitia akilini, ingawa hesabu yake ni nyepesi kiasi cha kufanywa na mtoto wa darasa la pili. Wanafunzi waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 waliingia katika utaratibu mpya wa miaka sita ya elimu ya msingi. Watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Wale waliokuwa darasa la nne mwaka huo waliendelea na utaratibu wa zamani wa miaka saba. Nao watamaliza darasa la saba mwaka huo huo wa 2027. Mikondo hiyo miwili itafika kidato cha kwanza kwa pamoja mwaka 2028. Sisi tuliyajua hayo kwa kuwa tuliyasoma. Mama yule aliyajua kwa kuwa yatampata nyumbani kwake. Nusu saa nzima tuliyopewa tuliitumia kumweleza asiyoyahitaji, tukaacha lile moja ambalo, kama angeelezwa mapema na kwa uhakika, angekuwa na miaka mitatu na zaidi ya kujiwekea akiba.

Mzazi si mjinga wa mageuzi

Walimu wengi hudhani kwamba mzazi hupinga mambo mapya kwa sababu hayaelewi. Dhana hii si sahihi. Mzazi wa Tanzania ameona mageuzi mengi, na tahadhari yake imetokana na aliyoyaona.

Wazee walio hai hadi leo wanakumbuka wakati ambapo elimu ya msingi ilifika darasa la nane, kabla haijapunguzwa kuwa miaka saba katika miaka ya 1960. Wanakumbuka Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967. Wanakumbuka Elimu ya Msingi kwa Wote ya mwaka 1977, madarasa yalipojaa kwa ghafla na vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa na kufundishwa ualimu huku wakifanya kazi. Wazazi wa umri wa kati wamepitia kufutwa kwa ada ya shule za msingi mwaka 2001, mtaala wa mwaka 2005 uliosisitiza ujuzi badala ya kukariri, mtaala wa mwaka 2015 uliowarudisha wanafunzi wa darasa la kwanza na la pili kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na elimu bila ada hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016. Mtu aliyeyapitia hayo yote, akisikia neno "mtaala mpya," ana haki ya kuuliza: na huu utakaa kwa muda gani?

Tuchukue mfano wa Elimu ya Kujitegemea, kwa kuwa una funzo kubwa. Nia yake ilikuwa kuondoa elimu inayomtenga kijana na jamii yake na kumfanya aone haya kazi ya mikono. Lakini katika shule nyingi mzazi hakuiona nia hiyo. Aliliona shamba la shule na mtoto wake akiwa na jembe saa za masomo. Akahitimisha kwamba mtoto anatumikishwa. Fikra ilibaki kitabuni na katika hotuba, na jembe ndilo lililofika nyumbani. Yafaa mwanachuo akumbuke daima kwamba mageuzi ya elimu humfikia mzazi kwa sura yake ya nje, na asiyeelezwa maana ya sura hiyo atajitafutia maana yake mwenyewe.

Hatari hiyo hiyo inaukabili leo mkondo wa amali katika shule za sekondari. Kwa mujibu wa mageuzi haya, elimu ya sekondari ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali, ambamo mwanafunzi hujifunza ufundi au kazi maalumu pamoja na masomo mengine. Tumekwisha kuwasikia wazazi wakisema kwamba amali ni ya watoto walioshindwa. Hawakulitoa neno hilo hewani. Wamelitoa kwetu sisi walimu, ambao kwa miaka mingi tumekuwa tukimtisha mwanafunzi mzembe kwa kumwambia kwamba ataishia kuwa fundi. Hatuwezi kuutukana ufundi darasani asubuhi, kisha jioni tukawasifia wazazi mkondo wa amali mkutanini, tukatazamia kusadikiwa.

Neno la hatari: "hakuna kufeli"

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeiweka elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, yaani miaka sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Mwanachuo ayafikirie vizuri matokeo ya uamuzi huo. Madhali mtoto analazimika kusoma hadi kidato cha nne, upimaji wa mwisho wa elimu ya msingi hauwezi tena kuwa chujio la kuamua nani aendelee na nani arudi nyumbani. Kazi yake inakuwa kuonyesha mtoto amefika wapi na anahitaji msaada gani.

Hili ni badiliko kubwa kuliko yote, na ndilo linaloelezwa vibaya kuliko yote. Mwanachuo mmoja tuliyemkagua alilifupisha mbele ya wazazi kwa maneno manne: "Siku hizi hakuna kufeli." Alikuwa na nia njema ya kuwaondolea hofu. Baada ya siku chache baba mmoja mfugaji alimwondoa mwanawe shuleni akamtuma kwenda na ng'ombe kutafuta malisho. Alipoulizwa alijibu bila ubishi wowote kwamba mwalimu mwenyewe amesema hakuna kufeli; basi mtoto akirudi mvua zikianza, darasa atalikuta palepale. Ukiyapima maneno ya mwalimu na maneno ya baba, utaona kwamba baba alikuwa amefikiri sawasawa. Kosa lilikuwa katika maelezo aliyopewa.

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja yetu. Kwa miaka mingi mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulifanya kazi moja ambayo hatukuikiri hadharani: ulimwambia mzazi ukweli ambao sisi hatukumwambia. Mtoto aliweza kukaa miaka saba darasani bila kujua kusoma vizuri, akipandishwa mwaka hadi mwaka, na ripoti yake ikiandikwa "ajitahidi zaidi." Mzazi akaridhika. Mwishowe matokeo ya Baraza la Mitihani yakaja, ndipo akajua. Ukweli ulikuja mara moja katika miaka saba, tena ulikuja wakati ambapo hapakuwa na la kufanya. Ulikuwa utaratibu wa kikatili, lakini angalau mzazi alipata kujua.

Chujio likiondoka, na sisi tukaendelea kuandika "ajitahidi zaidi," nani atamwambia mzazi? Mtoto asiyejua kusoma ataingia kidato cha kwanza, ambako atafundishwa kwa Kiingereza katika shule nyingi, akiwa amebeba deni la miaka sita. Mageuzi yaliyokusudiwa kumwokoa yatakuwa yamemficha tu kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kuondolewa kwa chujio hakuupunguzi wajibu wa mwalimu wa darasa la kwanza na la pili kumweleza mzazi hali ya mtoto, kunauzidisha. Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne upo, na una faida yake, lakini nao humkuta mtoto amekwisha kukaa shuleni kwa miaka mingi. Ukweli hauna budi kutoka kwa mwalimu wa darasa, kila muhula, kwa maneno ambayo mzazi anaweza kuyashika: mtoto wako anaweza kusoma sentensi hii, bado hawezi kusoma aya hii, na nyumbani unaweza kumsaidia kwa njia hii.

Namna ya kueleza

Baada ya aibu ile tuliyoisimulia, tulijaribu njia kadhaa pamoja na wanachuo wetu. Tunayapendekeza haya yafuatayo.

Kwanza, anza na watoto walio mbele yako. Kabla ya mkutano chukua daftari la mahudhurio uone ni familia zipi zina watoto katika madarasa yanayoguswa na badiliko. Kama tungelifanya hivyo mwaka 2024, tungeliwatambua wazazi wote waliokuwa na mtoto darasa la tatu na mwingine la nne, tukawaeleza waziwazi habari za mwaka 2027 na 2028. Tungewaambia pia, mbele ya watoto wenyewe, kwamba mkubwa hakushindwa na mdogo hakurushwa. Kila mmoja anafuata utaratibu wa mwaka wake. Mtoto anayedhani kwamba mdogo wake amemfikia kwa sababu yeye ni mzito wa akili huweza kukata tamaa kwa jambo lisilo kosa lake.

Pili, onyesha kazi badala ya kutaja istilahi. Neno "umahiri" halimwambii mzazi kitu. Mweleze hivi. Zamani tulimwuliza mtoto: mzingo wa mstatili wenye urefu wa meta 12 na upana wa meta 8 ni upi? Mtoto alijumlisha pande, akaandika meta 40, akapata alama, hata kama hakujua mzingo unamfaa nini. Sasa tunataka mtoto huyo achukue kamba, aipime bustani ya shule, aseme unahitajika ukuta wa matete wa meta ngapi kuzuia mbuzi, na aeleze amepataje jibu hilo. Hesabu ni ile ile. Mzazi aliyekwisha kuzungushia shamba boma ataelewa mara moja, na huenda akaongeza kwamba lazima uache nafasi ya mlango.

Tatu, eleza majina ya masomo. Mzazi anayefungua begi la mtoto wa darasa la tatu na kutoyaona madaftari ya Maarifa ya Jamii na Uraia na Maadili hudhani mambo hayo yamefutwa. Mwambie kwamba yamepangwa upya: liko somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na liko somo la Jiografia na Mazingira. Mwambie pia kwamba Kiingereza sasa hufundishwa kama somo tangu darasa la kwanza, kwa kuwa wazazi wengi huuliza juu ya lugha kabla ya kuuliza jambo jingine lolote.

Nne, usigeuze zana kuwa mchango. Mtaala huu unahitaji vitu vya kushika, navyo mara nyingi hutoka nyumbani: vifuniko vya chupa, mbegu, maboksi, kamba. Mzazi akiona mtoto anaagizwa vitu kila siku hufikiri kwamba ni michango iliyobadilishwa jina, maana ameambiwa elimu ni bila ada. Omba vitu visivyonunuliwa, omba mara moja kwa muhula, na eleza vitatumika vipi. Ukimwita mzazi aje kuona vikitumika, hutapata shida ya kuomba tena.

Tano, kama hujui sema hujui. Utaratibu huu mpya unaingia hatua kwa hatua, na si kila swali lina jibu mkononi mwa mwalimu. Mwalimu anayebuni jibu ili alinde heshima yake huivunja heshima hiyo siku jibu litakapothibitika kuwa la uongo. Liandike swali la mzazi mbele yake, mpe siku ya kurudi, muulize mwalimu mkuu au afisa elimu kata, na siku hiyo uwe na jibu. Mzazi atakusamehe kwa kutojua, bali hatakusahau kwa kumdanganya.

Sita, jiandae kwa swali la "shule yetu ni ya ngapi?" Tangu mwanzoni mwa mwaka 2023, yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule bora na watahiniwa bora. Wazazi waliozoea kuipima shule kwa nafasi yake wamebaki hawana kipimo. Usilaumu desturi yao, bali wape kipimo kingine: wangapi katika darasa hili walikuwa hawajui kusoma mwezi Januari, na wangapi hawajui sasa. Hicho ni kipimo kigumu zaidi kwa mwalimu, na ndicho chenye manufaa zaidi kwa mzazi.

Je, hii ni kazi ya mwalimu?

Baadhi ya wenzetu wakufunzi wanasema kwamba kueleza sera ni kazi ya Wizara, ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na ya vyombo vya habari, na kwamba mwalimu ana mzigo wa kutosha. Hoja hii ina uzito. Darasa lenye wanafunzi wengi kupita kiasi halimwachii mwalimu muda wa kutosha hata wa kusahihisha madaftari, nasi hatupendi kumwongezea mzigo mtu aliyekwisha kuelemewa. Lakini redio haiwezi kuulizwa habari za watoto wawili wa mama mmoja. Waraka hauwezi kumwona baba anayekunja uso nyuma ya mkutano. Mwalimu wa shule ya msingi ndiye mtumishi wa elimu ambaye mzazi anaweza kumwendea kwa miguu. Zaidi ya hayo, muda unaotumika kueleza hurudi. Mzazi aliyeelewa humtuma mtoto shuleni kila siku. Asiyeelewa humfanya mwalimu aandike barua za utoro mwaka mzima.

Kwa sababu hizo tunapendekeza kwa vyuo mambo mawili yasiyo na gharama. La kwanza, kila mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha ahudhurie angalau mkutano mmoja wa wazazi, aandike maswali yote yaliyoulizwa, na arudi nayo chuoni yajadiliwe. La pili, kabla ya kwenda mazoezini, kila mwanachuo aeleze badiliko moja la mtaala mbele ya wenzake kwa dakika kumi, wenzake wakiuliza maswali ya wazazi, naye asiruhusiwe kutumia neno ambalo bibi yake hatalielewa. Sisi tumelifanya zoezi hili. Tuliona kwamba wanachuo waliofaulu vizuri sana mitihani ya nadharia walitatizika kuliko wote, na wakufunzi wao, sisi wenyewe tukiwemo, hatukuwa bora kuliko wao.

Ndugu mwanachuo, baada ya muda si mrefu utapewa darasa lako. Utakabidhiwa vitabu, muhtasari na daftari la mahudhurio. Wazazi hutakabidhiwa, itakubidi uwatafute mwenyewe. Watakapokuja na madaftari ya watoto wao mkononi, weka kalamu chini na uwasikilize kwanza wanauliza nini. Yule mama tulimkuta tena mwaka uliofuata tulipopita shuleni hapo. Alituambia kwamba amekwisha kununua mbuzi jike wawili, mmoja kwa kila mtoto, na kwamba anaihesabu miaka. Hesabu hiyo aliifanya mwenyewe. Sisi tulichelewa kumpa tarakimu tu. Wewe usichelewe.